Makaratasi Yetu Yalitoka Barabarani





Dominika iliyopita, baada ya Misa ya Kiswahili, mzee mmoja wa parokia yetu, mtu ninayemheshimu sana, alinisubiri mlangoni hata watu wote walipokwisha kutoka. Tuliamkiana, kisha akanishika mkono asiuachie, kama afanyavyo mtu mwenye neno zito. "Baba Paroko," akasema, "lile tangazo la maandamano halikunipendeza. Sisi watu wa Afrika Mashariki tulikuja nchi hii kwa makaratasi halali. Wengine tulishinda bahati nasibu, wengine tulitolewa kambini na Umoja wa Mataifa. Mambo ya waliovuka mpaka usiku tuwaachie wenyewe. Tukionekana nao barabarani, tutahesabiwa pamoja nao."

Sikumjibu palepale, kwa kuwa watoto wa ubatizo walikuwa wananisubiri. Nilimwahidi jibu la maandishi, naye ameniruhusu kuyataja maneno yake kwa sharti la kutomtaja jina. Naandika kwa heshima. Lakini sitaandika kwa upole wa kupita kiasi, kwa maana maneno hayo si yake peke yake. Nimeyasikia ukumbini, nimeyasoma katika ujumbe wa simu wa jumuiya zetu, tena mara nyingine yakiwa na kicheko ndani yake, na kicheko hicho ndicho kilichoninyima usingizi.

Nianze na hayo makaratasi.

Wengi wenu mnaijua bahati nasibu ya viza kuliko mnavyoijua Katekisimu. Waliotangulia waliituma kwa barua ya posta. Waliofuata waliijaza katika vibanda vya intaneti vya Kariakoo na Nairobi kila Oktoba, wakangoja majibu hadi Mei. Tumetoa shukrani nyingi kwa Mungu kwa ajili yake, na ni haki. Lakini je, kuna aliyewahi kujiuliza bahati nasibu hiyo ilitoka wapi? Serikali hazina desturi ya kuamka asubuhi na kugawa viza kwa watu wa Kilosa na Kisii kwa sababu ya wema wa moyo.

Miaka ya 1980 uchumi wa Ireland ulikuwa umedorora vibaya. Makumi ya maelfu ya vijana wa nchi ile ya Kikatoliki walikuja New York, Boston na Chicago kwa viza za matembezi, viza zikaisha, wakabaki. Walijenga majumba, walilea watoto wa watu, walihudumu katika baa. Hawakuwa na makaratasi, wala hawakuwa na njia ya kuyapata, kwa sababu sheria ya mwaka 1965 iliwapendelea wenye ndugu wa karibu wa kuwaombea, nao ndugu zao walikuwa wamehamia zamani mno. Mwaka 1987, huko New York, vijana hao wakaunda chama walichokiita Irish Immigration Reform Movement. Wakaacha kujificha. Wakakusanyika, wakawaandikia wabunge, wakawafuata Washington, wakawachosha. Mbunge Brian Donnelly wa Massachusetts alikuwa amekwisha kuwapenyezea kifungu katika sheria ya 1986. Mwenzake Bruce Morrison wa Connecticut akasimamia sheria kubwa zaidi, ambayo Rais George H. W. Bush aliitia sahihi Novemba 29, 1990. Kwa miaka mitatu ya mpito zilitolewa viza 40,000 kila mwaka, na asilimia 40 zikatengwa kwa ajili ya Ireland. Mpito ulipokwisha, kuanzia mwaka 1995, mpango ukapanuliwa kwa dunia: viza 55,000 kwa mwaka, ambazo baadaye zilipunguzwa kuwa kama 50,000.

Ndivyo sisi tulivyopata nafasi. Sisemi kwamba wabunge wale walitufikiria. Hawakutufikiria hata kidogo. Mlango ulichongwa kwa ajili ya Waairishi, ukaachwa wazi, nasi tukapita. Ila aliyeshika nyundo kuubisha mlango huo alikuwa kijana asiye na makaratasi, ambaye kwa lugha ya vikundi vyetu vya simu angeitwa "haramu". Mzee wangu, grini kadi iliyokuleta wewe ina alama za vidole vya watu hao.

Na sasa sikilizeni upande wa pili. Bahati nasibu hiyo hufungwa kwa nchi iliyokwisha kuingiza watu zaidi ya 50,000 kwa njia nyingine katika muda wa miaka mitano. Mexico haijapata kuruhusiwa hata mwaka mmoja. Kwa hiyo mnapomwuliza Mmexico, ambaye hukaa benchi hilohilo katika Misa ya saa sita, kwa nini hakupitia njia tuliyopitia sisi, mnamwuliza kwa nini hakuingia kwenye mlango ulioandikwa kwamba yeye asiingie.

"Basi asimame foleni," husema watu. Foleni ipi? Kwa wafanyakazi wa kazi zisizohitaji ujuzi maalumu, yaani hao wanaochuma nyanya, wanaokata nyama na wanaotandika vitanda vya hoteli, sheria hutenga grini kadi zisizozidi 10,000 kwa mwaka, kwa mataifa yote ya dunia yakiwekwa pamoja. Raia wa hapa aweza kumwombea ndugu yake wa tumbo moja aliyeko Mexico, lakini huyo ndugu atasubiri zaidi ya miaka 20. Sheria ya mwaka 1996 inasema kwamba aliyekaa bila kibali zaidi ya mwaka mmoja, akitoka nje ili akafuate utaratibu, hufungiwa huko nje miaka 10, isipokuwa apate msamaha maalumu. Yaani utii wenyewe ndio unaoadhibiwa! Ipo pia sheria ya zamani ya kumwandikisha mtu aliyeishi hapa muda mrefu kwa tabia njema. Sheria nzuri. Lakini yamtaka awe aliingia kabla ya Januari 1, 1972, na tarehe hiyo haijasogezwa tangu mwaka 1986. Aliyeletwa na mama yake Februari 1972 akiwa mchanga, kama aliukosa msamaha wa 1986, leo ana mvi kichwani na bado anaambiwa kwamba alichelewa.

Nimetaja msamaha wa 1986. Aliyeutia sahihi ni Rais Ronald Reagan, ambaye hakuna awezaye kumwita mwanaharakati. Watu wapatao milioni 2.7 walipata makaratasi. Nchi haikuanguka.

Sasa niungame jambo. Mwaka 2006 nilikuwa padre kijana, nimetumwa Chicago kusoma. Desemba 16 ya mwaka uliotangulia, Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha, kwa kura 239 dhidi ya 182, muswada namba 4437 wa Mbunge James Sensenbrenner wa Wisconsin. Hadi leo kuwepo hapa bila kibali ni kosa la kiutawala, la kujibu mbele ya hakimu wa uhamiaji. Muswada ule ulitaka kuligeuza kuwa jinai kubwa, mtu aandikwe mhalifu kwa kupumua tu hewa ya nchi hii. Tena ulipanua adhabu kwa anayemsaidia mtu huyo kuendelea kuishi hapa. Na ndani yake, mzee wangu, wabunge waliongeza kifungu cha kuifuta kabisa bahati nasibu ya viza. Ile yako.

Ijumaa ya Machi 10, 2006, Ijumaa ya kwanza baada ya Dominika ya kwanza ya Kwaresima, watu wanaokadiriwa kufika 100,000 walitoka Union Park wakatembea hadi Federal Plaza katikati ya jiji. Mimi nilikuwa natoka maktaba. Nilidhani kuna ajali, kwa jinsi barabara ilivyojaa. Walikuwapo wapishi waliotoka jikoni na aproni zao, mafundi wenye vumbi la saruji, kina mama wanaosukuma watoto katika vigari. Wapolandi walikuwapo, na Waairishi pia, kwa maana Ireland ilikuwa bado na watu wake wasio na makaratasi. Redio za Kihispania ndizo zilizowaita watu, na ofisi za vyama vya wafanyakazi, na parokia. Hakuna kiongozi mmoja mkubwa aliyewapanga. Majirani walipangana wao kwa wao.

Mama mmoja wa makamo, mwenye rozari shingoni, alikuwa ameshika bango upande mmoja, upande wa pili ukining'inia. Aliiona kola yangu ya upadre. Akanisogezea ule upande wa pili nishike. Nikatikisa kichwa. Niliiogopa viza yangu ya masomo. Akatabasamu, akaukunja mwenyewe, akaendelea mbele, nami nikabaki kwenye ukingo wa barabara na vitabu vyangu vya Teolojia ya Maadili mkononi. Miaka imepita mingi, lakini kila Kwaresima ifikapo Ijumaa ile naukumbuka upande wa bango nilioukataa. Kwa hiyo, ndugu zangu, ninapowasema wanaoogopa kuhesabiwa pamoja na wasiotakiwa, najua ninayemsema.

Baada ya Chicago moto ulienea. Los Angeles, Machi 25, polisi walikadiria watu 500,000, wengi wao wamevaa nguo nyeupe. Aprili 10 watu waliandamana katika miji zaidi ya 100. Siku ya Mei Mosi wafanyakazi waliacha kazi ili nchi ione ingekuwaje bila wao, na baadhi ya viwanda vikubwa vya nyama vilifunga milango kwa siku nzima. Ninyi mnaofanya zamu ya usiku katika viwanda vya namna hiyo mnaelewa maana yake kuliko mimi.

Wapo watakaosema: hayo ni siasa, na padre abaki sakristia. Hoja hii naijua, maana mimi mwenyewe niliitumia kama mwavuli mwaka ule. Lakini tazameni mpangilio wa mambo. Kanisa halikutoka sakristia kwenda kuitafuta siasa. Muswada ule ndio ulioingia sakristia. Ulimkuta Mvinsenti wa Paulo anapika supu, ukamwuliza kama aliangalia makaratasi ya anayekula. Ndiyo maana Kardinali Roger Mahony wa Los Angeles, Jumatano ya Majivu, Machi 1, 2006, alitangaza kwamba ikiwa sheria ile itapita, atawaagiza mapadre wake waendelee kuwahudumia watu bila kuwauliza hati, hata kama huko ni kuivunja. Wakunga wa Kiebrania, Shifra na Pua, walimfanyia Farao jambo la jinsi hiyohiyo, na Maandiko yanasema Mungu aliwatendea mema.

Najua kuna atakayenikumbusha yaliyofuata. Ni kweli: mwaka 2013 mrithi wake alimwondolea Kardinali huyo shughuli za hadharani, kwa sababu ya namna alivyoyashughulikia zamani makosa ya mapadre dhidi ya watoto. Sitalificha jambo hilo chini ya zulia ili hoja yangu ipendeze. Waliodhulumiwa ndani ya Kanisa nao ni wageni waliobisha mlango wakafungiwa. Lakini ukweli uliosemwa Jumatano ile ya Majivu haukuwa mali ya aliyeusema.

Wala mafundisho haya hayakuanza mwaka 2006. Papa Pio XII aliandika Exsul Familia mwaka 1952, akiitazama Familia Takatifu katika ukimbizi wa Misri kama kielelezo cha familia zote zinazohama. Maaskofu wa Marekani na wa Mexico walitoa waraka wa pamoja Januari 2003. Kanisa halijapata kufundisha kwamba nchi haina haki ya kulinda mipaka yake. Nchi inayo haki hiyo, na maaskofu wameirudia mara nyingi. Hata mfanyakazi mzawa anayehofia ujira wake kushuka hana dhambi, na hofu yake yastahili kujibiwa. Ajibiwe hivi: ujira hushushwa na mwajiri aliye na mtu asiyeweza kulalamika. Mpe huyo mtu makaratasi, ataweza kulalamika.

Hayo yote yalipigwa wino. Mbona basi waamini wetu wengi wako tayari kutoa kopo la maharage kwa ajili ya mhamiaji, lakini hawako tayari kutoa saa mbili za Jumamosi kwa ajili ya haki yake? Nitawaambieni ninavyofikiri, na atakayekasirika anisamehe. Kopo la maharage hutuacha tukiwa wakubwa. Anayepokea huinamisha kichwa, anayetoa huondoka na dhamiri iliyoshiba. Barabarani hakuna anayetoa wala anayepokea. Mnatembea sambamba, na jua linawachoma sawasawa. Hilo ndilo tusilolitaka.

Mwinjili Luka, sura ya 18, anatuletea mjane aliyekuwa akimwendea kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Tumezoea kuuhubiri mfano huu kama somo la sala ya magotini, na Bwana mwenyewe aliutoa ili tusikate tamaa katika kusali. Lakini mtazameni mjane. Hakuomba sadaka, kama angeomba unga, huenda kadhi angempa apate kumwondoa. Aliomba haki. Na hakuiomba akiwa chumbani: alitembea, akafika, akafukuzwa, kesho akatembea tena. Kadhi hakuongoka. Alichoka. Kristu hakuona aibu kuyaita hayo kielelezo cha imani.

"Haya, waliandamana, wakapata nini?" Swali hili ni la haki, na jibu lake ni la uchungu kidogo. Seneti ilipitisha muswada wenye huruma zaidi Mei 25, 2006, kwa kura 62 dhidi ya 36; Baraza la Wawakilishi likaukalia. Oktoba 26 mwaka huohuo ikatiwa sahihi sheria ya uzio wa maili 700. Mwaka 2007 mageuzi yakafia Seneti. Desemba 2010 muswada wa vijana walioletwa wakiwa watoto ukapata kura 55 palipohitajika 60. Juni 27, 2013 Seneti ikapitisha mageuzi makubwa kwa kura 68 dhidi ya 32, na upande wa pili haukuupigia muswada huo kura hata siku moja. Nao, niseme ukweli wote, ungeifuta bahati nasibu yetu na kuweka mfumo wa alama mahali pake. Waliotupigania hawakuwa malaika, na kila maafikiano yana mtu anayeachwa njiani. Sababu nyingine ya kuwapo mezani, ningesema.

Lakini muswada 4437 ulikufa. Haukuwa sheria. Kila sahani ya chakula iliyotolewa katika kumbi za parokia tangu wakati huo bila padre wala mama wa jikoni kushitakiwa chini yake, ilitolewa kwa sababu watu wale walitembea. Na wale vijana walioshindwa 2010 hawakukaa kimya. Juni 15, 2012 serikali ikatangaza kuwaahirishia kufukuzwa na kuwapa vibali vya kazi, na kwa miaka iliyofuata zaidi ya 800,000 wakanufaika. Ni kinga dhaifu, ya kuombewa upya kila baada ya miaka miwili. Mjane angeitambua: kadhi amefungua dirisha, mlango bado.

Nami nalilaumu Kanisa, na parokia zetu hasa. Baada ya Mei 2006 tulirudi kulala. Tuliweka mabango ghalani tukasubiri wanasiasa. Mei 12, 2008 maafisa walipovamia kiwanda cha nyama katika mji mdogo wa Postville, Iowa, wakakamata watu karibu 400 kwa siku moja, parokia ya Mtakatifu Brigida ndiyo iliyobaki na wake na watoto wao, wamejaa hadi kwenye mabenchi. Parokia ile ilifanya kazi ya Injili. Sisi wengine tulituma blanketi. Na kiwandani, nafasi za waliochukuliwa zilijazwa na wengine, wakiwamo Wasomali waliokuja kama wakimbizi. Litafakarini hilo, ninyi mnaosema mambo haya hayatuhusu: mara nyingine mwanya tulioingilia ulikuwa bado na joto la aliyeondolewa.

Nirudi kwenye lile neno la mzee: "sisi". Sisi tuna makaratasi.

Mzee wangu, hili nitakaloliandika sikulipata katika kitubio, ningekufa nalo. Nililipata mezani, katika nyumba za watu walionikaribisha chai. Katika "sisi" hiyo wamo watu ambao hawana. Mmoja alikuja kusoma, karo ikamshinda, viza ikafa. Mwingine alikuja kumwangalia binti yake aliyejifungua, akabaki kulea wajukuu. Wanaimba kwaya pamoja nawe. Unapoyasema hayo ukumbini wanacheka pamoja nawe, kwa sauti kuliko wengine. Mnapochanga rambirambi hapa parokiani, na mfiwa akazika mama yake kwa simu huku amekaa kwenye kochi amejifunika kanga, mlidhani tatizo lilikuwa nauli?

Na ninyi mliotoka kambini, Warundi wa mwaka 1972 mlioanza kuletwa 2007, Wakongo wa Nyarugusu: mkono uliowaleta ni sheria ya wakimbizi ya mwaka 1980, nayo sheria ni karatasi. Januari 20, 2025, siku ya kwanza ya serikali mpya, mapokezi ya wakimbizi yalisimamishwa kwa sahihi moja. Kwa mwaka wa serikali ulioanza Oktoba 2025 idadi ikawekwa watu 7,500, tena wengi wao ikaelezwa wawe Makaburu wa Afrika Kusini. Dada zenu walikuwa wamekwisha kupimwa afya, wameuza masufuria yao. Siku hiyohiyo ya Januari yaliondolewa maelekezo yaliyokuwa yakiwazuia maafisa kukamata watu makanisani. Desemba 2025 ikatangazwa kwamba hata bahati nasibu inasimamishwa. Tuliogopa kuhesabiwa pamoja nao, na tumekwisha kuhesabiwa. Hatukuombwa maoni.

Novemba 12, 2025 maaskofu wa Marekani walipinga ufukuzaji wa jumla usiobagua, kwa kura 216 dhidi ya 5. Baba Mtakatifu Leo XIV, mzaliwa wa Chicago aliyekuwa mmisionari Peru, aliwataka watu wawasikilize. Lakini mwezi mmoja kabla ya kura hiyo, Oktoba 11, waamini wa vitongoji vya Chicago walikuwa wamekwisha kutangulia. Walimchukua Yesu wa Ekaristi katika monstransi, wakaandamana hadi kituo cha Broadview, walikozuiliwa ndugu zao, wakaomba wapelekewe Komunyo. Wakakataliwa. Bwana alisimama nje ya lango, akarudishwa. Nilipoiona picha ile nilimkumbuka mama wa rozari na bango lake, nikafunga mlango wa ofisi, nikakaa kimya muda mrefu.

Basi, kuhusu tangazo lililomchukiza mzee wangu, nalirudia kwa ukamilifu. Jumamosi ijayo basi litaondoka mbele ya kanisa saa tatu asubuhi. Tutaanza na Rozari ya Kiswahili, tutaungana na ndugu wa Misa ya Kihispania, tutatembea hadi mbele ya ofisi ya mbunge wetu na barua ambayo watu 312 wa parokia hii wamekwisha kuitia sahihi. Hakuna matusi, hakuna bendera za vyama. Leteni maji na viatu vya kutembelea.

Ambaye hali yake si salama asije. Namaanisha hivyo, asije, wala asione haya. Abaki nyumbani asali, na atakayemwuliza Dominika kwa nini hakuonekana, aje aniulize mimi. Hao ndio tunaokwenda kwa ajili yao. Walioapa uraia, wenye pasipoti ya bluu kabatini, hao ndio ninaowahitaji. Basi lina viti 54. Hadi jana jioni, kwa upande wa Misa ya Kiswahili, walioandikisha majina ni 9.

Mzee wangu, nimekuwekea kiti cha mbele, karibu na dirisha, kwa sababu najua magoti yanakusumbua. Upande mmoja wa bango nitaushika mimi.

Paroko wenu